Baiskeli Iliyoacha Kusali

Kitu cha kwanza ninachofanya asubuhi ni kuitafuta mikono yangu. Naiona pale juu ya blanketi, lakini haijaamka. Naikunja, naikunjua, naipiga kwenye paja kama mtu anayekung'uta mkeka, na baada ya muda vidole vinaanza kuwasha kimoja kimoja, kuanzia kidole gumba. Kile kidogo cha mkono wa kulia huwa cha mwisho, na kuna siku hakiji kabisa. Vifungo vya blauzi navifunga kwa macho, maana nikitegemea vidole nitatoka nje kifua wazi, na umri wangu umepita wa mambo hayo.

Watu wakiniuliza ni kazi gani iliyonifanya hivi, nasema baiskeli, nao hucheka. Wanasema baiskeli si jembe. Sina tena nguvu ya kubishana nao.

Nilikuwa mhudumu wa afya wa kujitolea katika zahanati moja upande wa juu wa Magunga. Kazi yetu ni kuwafuata watu nyumbani: mzee wa presha aliyeacha kumeza vidonge, mama mjamzito asiyekuja kliniki, mgonjwa wa kifua kikuu ambaye lazima umwone kwa macho yako akimeza dawa, maana ukimwamini atakuambia amemeza. Wenzangu walipewa vijiji vya barabarani. Mimi nikapewa mlima. Maboma kumi na manne, kila moja limejitenga na mwenzake kana kwamba wamekosana, na njia ya kuyafikia ilichorwa na mbuzi ambao hawakumfikiria mtu mwingine. Mvua ikinyesha, hata pikipiki hugeuza.

Kwa hivyo nilipewa baiskeli. Wageni fulani waliokuwa wakihesabu wanyama katika mbuga ya Ruma walimaliza shughuli zao wakaiachia zahanati. Ilikuwa baiskeli ya mlimani, ya kijani iliyochubuka, yenye matairi manene ya meno meno na shoki mbele. Shoki ni yale mabomba mawili yanayoshika gurudumu. Ndani kuna springi. Ukigonga jiwe yanazama, halafu yanainuka tena, na ile ngumi ya jiwe inaishia humo humo bila kufika mikononi.

Kwetu baiskeli tuliyoijua ni blek mamba, chuma kitupu kisichomnyenyekea mtu. Siku ya kwanza niliposhuka na hii yangu hadi sokoni, kila shimo nililogonga pua yake ilizama, ikainuka, ikazama tena. Akina mama wa samaki wakaangua kicheko. Mmoja akapaza sauti, "Ndiga malamo!" Maana yake baiskeli inayosali. Jina likashika siku hiyo hiyo. Kule mlimani watoto wakiniona natokea bondeni walipiga mbio mbele yangu wakitangaza kwamba baiskeli inayosali imefika, na wagonjwa wangu wakaanza kutafuta kikombe cha maji ya kumezea.

Hakuna aliyenifundisha kuiendesha. Nilikuwa na miaka arobaini na mitatu, na mwili wa mtu wa miaka hiyo, na mlima ulinifundisha kwa kunipiga. Nilijifunza kwamba kwenye mteremko hukai kitini. Unasimama juu ya pedali, magoti yamelegea, makalio unayarudisha nyuma hadi unaona aibu. Nilijifunza kutoliangalia jiwe, maana jiwe ukiliangalia utaligonga. Unaangalia pale unapotaka kupita. Nilijifunza kushika usukani kama mtu anayemshika mtoto mkono sokoni, si kama anayemkaba mwizi. Kazi nyingine unaziachia shoki. Miaka minne ya kwanza nilikuwa nafika nyumbani nimechoka miguu, na uchovu wa miguu una utamu wake. Unalala, unaamka, umekwisha.

Sasa nimtaje mume wangu, maana habari hii ni yake kuliko yangu.

Alifanya kazi Macalder zaidi ya miaka ishirini, kwenye mashimo ya dhahabu. Hakuwa mchimbaji. Alikuwa muoshaji. Wengine walileta mawe yaliyosagwa, yeye akakaa na karai majini, anazungusha, anamwaga, anazungusha, hadi uchafu wote uende na kile kidogo cha njano kibaki chini. Walimheshimu kwa hilo. Walisema haachi punje. Lakini pale alipokaa na karai ndipo na mawe yaliposagwa, na vumbi lake lilimwingia kifuani likakataa kutoka. Akarudi nyumbani na sanduku moja na kikohozi. Kupanda ngazi ya mlango wetu, ambayo ni jiwe moja tu, kulikuwa safari. Hawezi kulima, hawezi kubeba, hawezi hata kumfukuza kuku akamfikia.

Na sisi ni Wasabato. Ijumaa ni siku ya maandalio, maana Sabato huingia jua likizama. Kabla jua halijazama kila kitu lazima kiwe kimemalizwa: nguo zimefuliwa na kunyooshwa, chakula cha kesho kimepikwa, viatu vimepigwa rangi, ua umefagiwa. Mimi Ijumaa nilikuwa mlimani hadi mchana, kwa hivyo nikirudi nafanya yote hayo mbio mbio huku nikigomba. Mume wangu alikaa kwenye kiti akiniangalia. Ijumaa moja aliinuka, akashika baiskeli yangu usukani, akasema, "Nyar Muhuru, hii haiwezi kuingia Sabato na matope." Ndivyo anavyoniita, binti wa Muhuru, kwa sababu nilitoka huko kuja kuolewa.

Akaisukuma hadi ziwani. Toka kwetu hadi majini ni mteremko wa kama nusu saa kwa mtu mzima wa afya. Akaikokota ndani ya maji hadi kiunoni, akaigeuza miguu juu, akaichovya yote, akaisugua kwa sabuni ya unga na mchanga, akaisuuza, akaisugua tena. Kupanda nayo kurudi kulimchukua saa moja na zaidi. Aliiegemea kama mkongojo, hatua kumi, anapumua, hatua kumi. Alipofika uani ilikuwa inang'aa kama siku ilipotoka dukani, na yeye alikuwa amelowa, amechoka, na uso wake ulikuwa uso niliouona mara ya mwisho Macalder.

Toka siku hiyo Ijumaa ikawa na kazi yake. Nilijisifu kanisani, ndiyo, nilijisifu. Niliwaambia wanawake wenzangu kwamba waume zao wana mapafu mazima na hawajawahi kuwaoshea hata sahani.

Sasa sijui ni mwaka gani shoki zilianza kukaza. Jambo la polepole halina siku. Nakumbuka tu kwamba pua ya baiskeli haikuzama sana kama zamani, halafu ikazama kwenye mawe makubwa peke yake, halafu haikuzama. Sokoni wale wale wa samaki wakasema baiskeli ya mama daktari imeacha kusali. Mwingine akasema imeasi, ipelekwe kubatizwa upya. Nikacheka nao. Tena nikaona ni afadhali: imekomaa, nikajiambia, imezoea mlima.

Ujinga huo nimeulipia. Shoki iliyokufa ni mbaya kuliko kutokuwa na shoki, maana ni nzito halafu haifanyi kazi. Kila jiwe lililokuwa likiishia kwenye springi sasa lilipanda moja kwa moja hadi viganjani, viwikoni, shingoni. Nikaanza kukaba usukani. Nikaanza kushuka mlima mzima vidole viwili juu ya breki, nimeuma meno. Fundi wa hapa kwetu, ambaye anaijua blek mamba kuliko anavyojua watoto wake, alizimwagia oili chafu ya pikipiki kwa juu, akanipa baraka. Zikaganda zaidi. Nililaumu mawe, nikalaumu uzito wangu, nikalaumu waliozitengeneza. Nikalala na mikono chini ya mto. Ganzi ikaja, ikazoea nyumba.

Mambo yakaharibika siku moja kwenye korongo lililo karibu na ua wa mbuga. Ninalijua korongo lile, nimeshuka humo mara mamia. Nilifinya breki na vidole havikufinya. Sikusikia kitu. Ni kama nilimtuma mtu naye hakwenda. Nikaruka juu ya usukani, nikatua na bega, na mkoba ukafunguka. Ndani mlikuwa na chupa ndogo ya makohozi ya bibi mmoja wa juu kabisa, aliyekohoa asubuhi nzima kuyapata. Ikapasuka. Nikakaa chini kwenye changarawe nikalia, si kwa bega, kwa kufikiria kwamba kesho lazima nipande tena kumwomba bibi wa watu akohoe upya.

Muuguzi wetu mkuu alipoona bega akaniuliza, nami sijui kudanganya watu wa kazini. Yeye ni Mkuria kutoka upande wa mpaka, mwanamke wa makamo, na kwa kuwa hajui Kijaluo wala mimi sijui Kikuria, kati yetu ni Kiswahili tu. Alinipa kopo la vidonge, lile la kifuniko cha kubonyeza huku unazungusha. "Fungua, mama." Nilihangaika nalo hadi akanipokonya kwa upole.

"Sikiza," akasema. "Mimi sitaki kukuja matanga yako. Mwisho wa mwezi utafungua hii kopo hapa mbele yangu, na utafinya hiyo breki nikiona. Ukishindwa, baiskeli inabaki hapa, na njia napea mtu mwingine."

"Na mimi nifanye nini?"

"Upumzike. Hujachoka?"

Nilikuwa nimechoka hadi kwenye mifupa. Lakini niliogopa, na naandika hivyo waziwazi. Kule mlimani niliitwa daktari. Kulikuwa na bibi aliyekataa kumeza dawa isipokuwa mkononi mwangu. Bila mlima mimi ni mwanamke anayekaanga omena, vile vidagaa vya ziwani, na kusikiliza mume wake akikohoa. Nilitaka mikono yangu ipone, na nikajiambia kwamba shoki zikipona mikono itapona.

Mtu akanielekeza Oyugis, kwa fundi anayefungua hizi baiskeli za mlimani zinazokuja mitumba. Nikaipandisha juu ya gari, Homa Bay nikabadilisha, nikafika Oyugis mchana siku ya soko. Fundi alikuwa Mkisii, mtu mzima, ameketi nyuma ya kinu cha posho, na kucha zake zilikuwa safi. Nikamshuku. Fundi wa baiskeli mwenye kucha safi anafanya nini siku nzima?

Aliibonyeza baiskeli pua chini, mara moja, mara mbili. Haikuzama. "Mathe, hii shoki ilikufa kitambo," akasema. "Unaendesha maiti."

Alitoa gurudumu, akaachia breki, akafungua nati mbili za chini kabisa, akagonga pole pole kwa nyundo ya mpira. Akaweka beseni chini. Halafu akavuta, na yale mabomba ya nje yakachomoka.

Nilitarajia mafuta. Yalitoka maji. Maji ya kijivu, mazito, kama yale ya kwanza unapoosha omena, na nyuma yake mchanga. Mchanga mwingi, ukamiminika kwenye beseni kwa sauti. Fundi akarudisha kichwa nyuma.

"Mathe," akasema, "hii baiskeli huwa inaogelea?"

Nikacheka. "Kila Ijumaa," nikasema, na kicheko kikanikwama papo hapo.

Alinieleza, na alieleza vizuri, ingawa nilishaelewa. Juu ya kila bomba kuna mpira mwembamba unaozuia vumbi. Unaweza kuzuia vumbi, unaweza kuzuia mvua ya siku moja, lakini hauwezi kuzuia baiskeli inayogeuzwa miguu juu ikazamishwa ziwani. Maji yanaingia. Hayana pa kutokea. Sabuni inakata grisi yote iliyomo, na mchanga unabaki humo kusaga chuma kila unapogonga jiwe. Akaupitisha ukucha wangu juu ya ule mguu wa ndani uliopaswa kuwa laini. Ulikuwa na mifereji.

"Hii haioshwangi, inapanguswa," akasema. "Kitambaa kavu. Mswaki ya meno hapa kwa mpira. Halafu tone mbili ya mafuta, unabonyeza, unapangusa ile uchafu imetoka. Hiyo tu. Nani alikuwa anaosha hii?"

"Mtu," nikasema.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hawakusema ufanyeje ukigundua kwamba kimekuoshea baiskeli yako kwa mapafu nusu, Ijumaa baada ya Ijumaa, miaka yote hiyo.

Fundi akasafisha kila kitu, akatoa mipira kutoka shoki nyingine kuukuu, akapaka grisi, akarudisha. Akaniambia itafanya kazi, ila si kama mpya, na mifereji haitoki. Nikamwomba ule mchanga na maji yake. Akautia kwenye kopo la majarini, akinitazama kama mtu anayeangalia saa ya kufunga duka. "Ni ya nini?"

"Ya kumwonyesha mtu."

Kwa maana nilikuwa na hasira. Nisijifanye mtakatifu. Njia nzima ya kurudi nilipanga maneno. Nitamwambia: umeniua mikono. Nitamwambia: kila Ijumaa ulikuwa unanimwagia mchanga kwenye viungo. Nitamwambia: kwa nini hukuuliza? Kuuliza si ujinga. Nilipanga hadi maneno yakawa na vituo vyake.

Nilimkuta uani, kwenye kiti chake. Nikamsalimu, nikaliweka kopo kwenye stuli mbele yake nikaingia kunywa maji kwanza, kwa sababu koo lilikuwa limekauka na maneno yalikuwa mengi. Tunasemezana Kijaluo, na hapa nimeyageuza.

Nilipotoka alikuwa amelishika lile kopo. Hakuna aliyemwambia alishike. Ni kama vile mtu aliyewahi kushona hawezi kuona kitambaa asikipapase. Alikuwa ameliinamisha, analizungusha taratibu kwa kifundo cha mkono, anamwaga maji kidogo, anazungusha, anamwaga. Mchanga ukajipanga ukutani mwa kopo kama mwezi mchanga. Akachukua kidogo kwa kidole, akausugua kwa kidole gumba, akauleta karibu na macho.

"Si wa mlimani huu," akasema. "Wa mlimani ni mwekundu, una kona, unakwaruza." Akasugua tena. "Huu umeviringika. Una vipande vya konokono." Nilimwona akifika mahali alipokuwa anaelekea, na sikuweza kumzuia. "Huu ni wetu wa hapa chini. Pale ninaposimama." Akanyanyua macho. "Umetoka wapi?"

"Ndani ya shoki."

Akaitazama baiskeli, akaitazama mikono yangu. Nilikuwa nimeshika kikombe kwa viganja viwili, kama mtoto.

"Ni mimi," akasema.

Pale ningeweza kusema siyo. Maneno yangu yote ya njiani yalikuwa yameshaisha, hayakuhitajika, alikuwa amejisomea mwenyewe kila kitu. Ilibaki neno moja tu la kumpa, nami sikumpa. Sikunyamaza kwa ukatili. Nilikuwa nimechoka, na kwa mtu aliyechoka kunyamaza kunakuja kwenyewe. Akaweka kopo chini. Usiku ule alikohoa amenipa mgongo, ameuelekea ukuta, na mimi nilisikiliza.

Ijumaa iliyofuata nilirudi kutoka mlimani na matope hadi kwenye kiti. Nikafua, nikafagia, nikapika. Yeye amekaa. Baiskeli imeegemea ukuta. Jua likaanza kwenda upande wa ziwa na hakuinuka. Kila mara nilipopita mbele yake na ndoo alitazama pembeni. Nimeona wanaume wakistaafu, lakini sijawahi kumwona mtu akistaafishwa na mkewe.

Nikaenda nikachana shuka kuukuu, nikachukua mswaki, nikachukua ile chupa ndogo ya mafuta niliyopewa na fundi, nikamwekea mapajani.

"Jaduong'," nikasema, ndivyo ninavyomwita, mzee wangu, "hii haiwezi kuingia Sabato na matope."

"Nitaiua."

"Ni bila maji. Kitambaa kikavu. Nimefundishwa, nitakufundisha."

Alikishika kitambaa. Halafu akavuta kiti hadi kwenye baiskeli. Nilimwonyesha mara moja tu. Yule mtu alikuwa na macho ya kutafuta punje ya dhahabu kwenye karai la tope, na sasa macho hayo yakahamia kwenye mpira wa shoki. Alipitisha mswaki kuuzunguka, akadondosha mafuta, akaniomba nibonyeze usukani, akapangusa duara jeusi lililotokea. Tena. Tena. Hadi kitambaa kikatoka cheupe. Akaingia kwenye mnyororo, akausafisha pingili kwa pingili. Hakukohoa sana, kwa sababu hakukuwa na mlima wa kupanda. Nilifikiria miaka yote ile ya kupanda kutoka ziwani akiegemea chuma, na nikaona jinsi tulivyoweza kuwa na akili mapema, sote wawili. Lakini maji yakimwagika hayazoleki.

Wiki tatu baiskeli ilisali. Nilishuka lile korongo na pua ikazama, ikainuka, ikazama, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka nililegeza vidole. Siku moja nilishuka kutoka boma la juu kabisa hadi barabarani bila kutua mguu chini. Upepo wa ziwa ulinipiga usoni, mawe yakapita chini yangu, na nilicheka peke yangu kwa sauti. Nikadhani nimeshinda.

Mwisho wa mwezi muuguzi akaniwekea kopo mezani. Breki niliifinya, nusu. Nikabonyeza kile kifuniko, nikazungusha. Nikabonyeza, nikazungusha. Nikakilalia na kifua. Muuguzi alikuwa ameinua macho dirishani, kwa heshima, anaangalia nje kama kuna kitu. Shoki inafunguliwa, inasafishwa, inarudishwa. Mimi hakuna fundi wa kunifungua nati mbili za chini.

"Basi, mama," akasema. "Wacha. Umefanya kazi."

Aliniomba niirudishe Ijumaa, na nilikubali, kwa sababu Ijumaa itakuwa safi. Mume wangu alianza kuisafisha Alhamisi. Asubuhi ya Ijumaa nikaipeleka kwa kuisukuma. Anayechukua njia ni mama mmoja wa jirani, mwenye nguvu, miaka thelathini na kitu. Nikamwambia jina la kila mgonjwa na ni nani anayedanganya. Nikamwonyesha jiwe la korongo na mahali pa kuangalia badala yake. Halafu nikamwambia, "Na usiioshe." Akafikiri ni utani.

Nikarudi kwa miguu, mchana mtupu, nikiwa sijui mikono niiweke wapi. Nikafua. Nikafagia. Nikapika. Ilipofika saa kumi na moja, nikamwona mume wangu amekaa kwenye kiti chake karibu na ule ukuta, kitambaa cheupe mapajani, na mbele yake hakuna kitu. Ukutani paliachwa alama mbili nyeusi za matairi.

Nilikwenda nikaketi pale penye alama. Sikuwa na mpango wowote, miguu ilikuwa inauma. Akanitazama kidogo. Kisha akachukua mkono wangu wa kulia, akaugeuza kiganja juu, akaanza kuupangusa. Alianza kwenye kifundo, akapanda kidole kwa kidole, taratibu, katikati ya vidole, kuzunguka kila kucha. Alipofika kwenye kile kidogo akakisugua muda mrefu. Niliona anakisugua. Sikusikia.

"Nyar Muhuru," akasema, bila kuinua kichwa. "Hii nayo ni mimi?"

Nikaangalia ziwani. Jua lilikuwa bado halijagusa maji, limebakiza kama upana wa viganja viwili.

"Ni mawe, Jaduong'," nikamwambia. "Ni mawe tu."

Akatikisa kichwa kukubali, akashika mkono wa pili. Na kwa kuwa jua lilikuwa halijazama, ule uongo ni wa Ijumaa. Sabato niliingia nao umeshamalizwa, pamoja na kufua na kufagia.